Bafle la Pili

Zéphirin aliahidi kufika saa nane mchana, na saa nane mchana alibisha hodi. Laiti angekuwa mwongo kama mafundi wengine wa Likasi! Fundi wa kawaida hukuahidi kesho, kesho ikifika hukuahidi Jumatano, na kazi ya siku moja ikala msimu mzima wa mvua. Reine angemsamehe uongo huo wote. Bafle la pili, hilo sanduku la spika, likishafungwa, kijana huyu hatakuwa tena na sababu ya kuvuka kizingiti cha nyumba yao, na hilo alilijua tangu alipoamka.

Alimkuta mlangoni amelikumbatia sanduku la mbao kifuani, jasho limelowesha kola. Shati lilikuwa lile la bluu alilovaa Jumapili iliyopita, siku ya posa. Reine aliliona shati, akayaona macho, akageuza uso upande wa ua.

"Jambo, Reine."

"Jambo. Ingia. Papa anakungoja tangu asubuyi."

"Ananingoja minye?"

"Anangoja bafle."

Alilisema kwa ukali, na lilipomtoka tu alitamani kulirudisha. Zéphirin akatikisa kichwa polepole, akapita.

Sebule hiyo ilikuwa fahari ya mtaa wao wa Kikula. Televisheni kubwa ilinunuliwa miaka ile ambayo mshahara wa kiwandani ulifika kila mwisho wa mwezi, na Papa Théophile alirudi nyumbani na mkate chini ya kwapa. Siku hizi mshahara ulikuwa kama jamaa aliyehamia mbali, mtu husikia habari zake tu. Reine ndiye aliyebuni kuweka mabenchi, kutundika mablanketi madirishani ili mchana ugeuke giza, na kuwakaribisha watu Jumapili kutazama video. Huyu aliingia na kopo la unga, yule na makaa kwenye sahani. Nyumba ikala. Lakini sauti! Kispika kidogo cha televisheni kilinong'ona kama watu wanaosengenya, na waliokaa nyuma waliuliza kila dakika, "Anasema nini?" Ndipo akatafutwa Zéphirin.

Siku ya kwanza alisimama katikati ya sebule, akapiga makofi mara mbili, akasikiliza mlio ukirudi kutoka kwenye kuta tupu. "Hii chumba iko uchi," akasema. "Inaomba nguo." Reine alicheka mpaka akashika ukuta. Wakatundika magunia na vitenge vya zamani, mlio ukafa. Mwezi uliofuata alileta ampli ya kukuza sauti aliyoiunda kutoka kwenye redio tatu zilizoharibika. Mwezi mwingine, bafle la kwanza: sanduku la mbao za kabati lililoliwa na mchwa upande mmoja, ndani limejazwa sponji ya godoro kuukuu ili sauti isivume ovyo. Kila ahadi aliitimiza kwa saa yake, na kila alipomaliza aligundua kitu kingine cha kuboresha. Wakati mwingine ni waya, wakati mwingine ni mahali pa kuweka viti. Kazi ya wiki mbili ilifika miezi mitano. Sababu mnaijua wenyewe, msinilazimishe kuitaja mapema.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya misa, Mzee Banza, mjomba aliyemlea Zéphirin tangu akiwa wa kubebwa, alikuja na wenzake wawili kuomba mke. Mzee Banza ni mtu wa adabu za zamani. Kwa watu wake, mkwe hatazamwi usoni. Anayekuja kuomba binti humwinamia baba mwenye nyumba, huweka mkono mbele ya kinywa, na husema kwa sauti ya chini, kwa sababu kupaza sauti mbele ya mkwe ni kumtukana. Alisema vizuri, kwa mafumbo na mifano, na Reine aliyekuwa nyuma ya mlango wa jikoni alihisi machozi yakimjaa. Alipomaliza, Mzee Banza alingoja.

Papa Théophile hakujibu. Aliwatazama wageni mmoja mmoja, akaitazama kofia yake magotini, akanyamaza. Dakika zikapita. Kimya kina mshindo mkuu, na mshindo wa siku hiyo ulimpiga Reine kifuani. Mwishowe Tantine Henriette, dada yake Papa, ndiye aliyefungua kinywa.

"Munaona benyewe," akawaambia wageni. "Ndugu yangu anaisha kujibu."

Tantine Henriette hakuwa na huzuni hata chembe. Yeye ni mwombaji wa kanisa la uamsho, mfungaji wa siku tatu tatu, na mbele yake televisheni ilikuwa dirisha la shetani. Fundi wa kulipanua dirisha hilo, tena Mkatoliki, tena asiye na kazi ya kudumu, aolewe naye binti wa kaka yake? Wageni walichukua kofia zao. Njiani Mzee Banza alimwambia mpwa wake kwamba ukoo wao haubishi hodi mara mbili kwenye mlango ulionyamaza. Kuna familia Kapolowe, watu wa mashamba, wenye binti na wenye kujua kujibu. Jumapili watakwenda huko.

Na leo ilikuwa Jumamosi.

Zéphirin aliliweka sanduku pembeni, akapiga magoti, akaanza kuunganisha nyaya. Papa Théophile alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha katikati, mbele ya televisheni iliyokuwa ikionyesha kaseti ya watu wa karate. Alimpungia fundi mkono, akatabasamu, akarudisha macho kwenye picha. Tabasamu hilo lilimchoma Reine. Unawezaje kumnyima mtu mke Jumapili na kumchekea Jumamosi?

Alichuchumaa karibu na Zéphirin kumshikia uzi wa risasi wa kulehemia, kama alivyozoea. Wakanong'ona, wasije wakasikika.

"Kesho tutaenda Kapolowe," Zéphirin akasema bila kuinua macho.

"Nilisikia."

"Nani alikuambia?"

"Likasi yote inajua. Iko muzuri?"

"Nani?"

"Ule mwanamuke ya Kapolowe."

"Sijamuona, Reine."

"Utamuona kesho. Utakula mihogo yao, utasahau unga yetu ya deni."

"Angaria kidole, utajiunguza."

Alikuwa amechelewa. Tone la risasi lilimdondokea Reine kwenye ncha ya kidole, akajikaza asilie. Zéphirin aliukamata mkono wake, akakipuliza kile kidole mara moja, mara mbili, mara tatu, na mara ya nne haikuwa ya dawa. Hakuna aliyeutoa mkono wake. Reine aliyatazama makovu madogo ya moto kwenye vidole vya kijana huyo, akawaza kwamba mwanamke mwingine atayajua yote kwa majina.

"Ambia mujomba yako arudie," akanong'ona.

"Nilimuomba kwa magoti. Anasema aibu moja inamutosha. Ni yeye alinilea, Reine. Nitamubishia na kinywa gani?"

"Na kazi hii? Juu ya nini umekuya kuimaliza?"

"Nilitoa neno. Na papa yako alimutuma mutu mara mbili ku nyumba, eti nisiache kukuya."

Reine alishangaa. "Papa alituma mutu?"

"Mara mbili."

Zéphirin alilisimamisha bafle la pili upande wa kushoto, akaongeza sauti. Papo hapo Reine akakunja uso. Vishindo vya ngumi vilikuwa vyepesi, na sauti za watu zilitoka kila mahali na hazikutoka popote.

"Imekuwa mbaya kuliko zamani," akasema.

"Nimegeuza waya, nyekundu pa nyeusi. Hii inasukuma, ingine inavuta, sauti ya chini inapotea katikati." Zéphirin akainua mkono mbele ya Papa, akaonyesha bafle, akamwinulia nyusi kuuliza.

"Muzuri sana!" akasema Papa Théophile.

Zéphirin akatazama bafle, akamtazama mzee, akainama akazigeuza zile nyaya. Sasa ngumi zilitua kama magunia ya mahindi, na sauti ya mchezaji ikakaa kinywani mwake. Akainua tena mkono.

"Muzuri sana!" Papa akarudia, kwa sauti ile ile.

Reine alidhani baba yake anamstahi fundi. Zéphirin akazitoa nyaya zote mbili ili azilehemu vizuri, na sebule ikanyamaza. Kwenye televisheni watu waliendelea kurushana, midomo ikienda, bila mlio hata wa nzi. Nje kuku alisikika akipekua majani makavu.

Papa Théophile akapiga goti lake kwa kiganja, macho kwenye picha.

"Apo!" akasema. "Sasa njo sauti ya kweli! Usiguse tena."

Reine aliganda. Zéphirin naye, chuma cha moto mkononi. Wakatazamana, na katika kutazamana huko Reine aliuona mwaka mzima ukimpita. Baba ambaye akiitwa kutoka uani haitikii. Baba aliyeacha kwaya ya parokia baada ya kumzika mama, na kila mtu akasema ni huzuni. Baba anayefoka, "Simama mbele yangu, usiniambie maneno kama mwizi!" na yeye akadhani ni ukali wa uzee. Miaka ishirini na sita mzee huyu alikuwa amesimama kando ya mashine ya kuvunja mawe kiwandani, na mashine ilikuwa imeyala masikio yake kidogo kidogo, bila haraka.

Zéphirin akaweka chuma chini. Akazunguka taratibu mpaka nyuma ya kiti cha mzee, akasimama hatua mbili tu kutoka kisogoni mwake. Kisha, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeomba maji, akasema:

"Papa, minye ninapenda mutoto yako."

Papa Théophile hakugeuka.

"Ninamupenda tangu siku ya kwanza, alicheka hapa mpaka akashika ukuta. Kesho batanipeleka kwa bengine. Minye sitaki bengine."

Karate ikaendelea. Machozi yalimshuka Reine bila kumwomba ruhusa. Maneno hayo alikuwa ameyangoja miezi mitano, na sasa aliyasikia yakisemwa kwa kisogo cha mtu asiyesikia. Alivuka sebule, akamshika Zéphirin mkono.

"Usimusemee mu mugongo," akasema. "Papa hakubakatala. Hakubasikia! Mujomba yako aliinama, alifunika kinywa, papa angeona nini? Enda mbele. Umuambie mu macho."

"Mu macho?" Zéphirin alishtuka kama aliyeambiwa aibe. "Reine, mukwe haangariwake mu macho. Na kijana hajisemeake yeye mwenyewe. Nikifanya vile namutukana mbele ya nyumba yake. Mujomba akisikia hataniita tena mutoto."

"Na ukienda Kapolowe, minye utaniita nani?"

Zéphirin alibaki amesimama, na Reine aliona jinsi adabu aliyonyonya tangu utotoni ilivyokuwa ikipigana naye. Hakumsukuma tena. Alikwenda dirishani, akalivuta blanketi, likaanguka lote na mchana ukaingia sebuleni. Akazima televisheni.

"Eh! Courant imekatika?" Papa akageuka.

Zéphirin alikuwa tayari mbele yake, amepiga magoti kwenye mwanga. Aliinua kichwa. Akamtazama baba wa Reine machoni moja kwa moja.

Uso wa Papa Théophile ulibadilika. Hata yeye alikuwa mtu wa adabu hizo. Mikono ilishika mkono wa kiti, akaanza kuinuka. "Kijana, unaniangaria sawa rafiki yako?"

"Unisamehe, Papa." Zéphirin alitamka neno moja moja, kinywa wazi, mikono nyuma ya mgongo ili isije ikakimbilia midomo. "Ninaomba Reine. Ninataka kumuoa."

Papa akabaki katikati ya kuinuka na kukaa. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye midomo ya kijana.

"Sema tena."

"Ninataka kumuoa Reine."

Mzee akakaa. Reine alihisi kimya kile cha Jumapili kikirudi. Safari hii hakukiacha. Alipiga magoti kando ya Zéphirin, uso kwa baba yake.

"Papa, bazee bale ba Jumapili. Balisema nini?"

Papa Théophile akatazama pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mkewe, kidevu chake kikatikisika.

"Sijue," akasema. "Sijue, mutoto yangu. Balikuya, baliinama, bakakaa, bakaenda na kofia zao. Nilingoja baniulize. Nilivaa viatu ya ndoa yangu juu ya kungoja ile neno. Bakatoka bila kuniuliza. Nikasema, njo vile. Baliona nyumba imekuwa ya mabenchi na ya unga ya kuombaomba, balisikia haya, bakaacha mutoto yangu. Wiki muzima silali. Nikasema, yule kijana asipotee, bafle isiishe mbio, labda roho yake itabadilika."

"Papa, shiye tulizani ni weye ulikatala!" Zéphirin akasema.

"Minye? Nikatale?" Akageuza kichwa kumtazama mmoja, kisha mwingine. "Nani alisema minye nilikatala?"

"Minye."

Ilikuwa sauti ya Tantine Henriette. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na beseni la samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele kichwani, na haikujulikana alisimama hapo tangu lini. Kaka yake hakuisikia sauti hiyo. Alifuata tu macho ya vijana mpaka akamwona.

Tantine alilitua beseni chini. Aliuvuka mchana uliolala sakafuni, akaja akasimama mbele ya kaka yake, akainama kidogo ili uso wake uonekane.

"Théo. Tangu wakati gani?"

"Kumepita miaka miwili. Kidogo kidogo. Halafu ikaenda yote."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungeniombea mbele ya kanisa yote," akasema Papa. "Baseme, ule muzee iko na pepo ya masikio."

Tantine Henriette alitaka kukataa. Lakini alikuwa mtu wa kweli kwa kiasi chake, na alijua kwamba angefanya hivyo hivyo, na kwa sauti kubwa. Akajifuta macho kwa upande wa kiganja. "Minye nilibafukuza bantu bure," akasema chini chini, bila kumtazama Zéphirin.

Papa Théophile akamrudia kijana aliyepiga magoti.

"Mujomba yako iko ku nyumba?"

"Iko, Papa. Anafunga mizigo ya kesho."

"Enda umuite. Umuambie Théophile ni kiziwi, haiko muntu wa kiburi. Aseme vile anataka, na mafumbo yake yote, lakini akae pale pa dirisha, atoshe mukono pa kinywa, nione midomo, aniangarie. Kama ni zambi, itakuwa yangu."

Zéphirin alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa na uso wa mtu aliyetolewa shimoni, haelewi kwanza acheke au alie, na alifika mlangoni kabla mzee hajainua kidole.

"Ngoja. Haiishe." Papa akamgeukia binti yake. "Bote banaulizana juu yako. Weye hakuna muntu alikuuliza. Unamupenda?"

Reine alifundishwa vizuri na mama yake. Binti hasemi maneno hayo mbele ya baba. Alivuta ncha ya kitenge chake, akafunika kinywa, akainamisha uso, na jibu likaishia kwenye nguo.

"Tosha kitenge," Papa akasema. "Sioni."

"Théo!" Tantine akaruka. "Mutoto mwanamuke, mbele ya baba yake, mbele ya bwana mwenyewe!"

Papa hakumwona, kwa hiyo hakumsikia. Alikuwa ameinama kuelekea kwa binti yake, macho kwenye midomo yake, akingoja kama alivyongoja Jumapili nzima na viatu vyake vya harusi. Mlangoni Zéphirin alikuwa ameshika fremu ya mlango. Katika miezi yote mitano Reine hakuwahi kumwambia neno hilo, hata kwa kunong'ona.

Mkono wa Reine ukashuka. Kitenge kikaanguka begani. Alikiinua kichwa chake kwenye mwanga, kinywa wazi, aibu yote nje.

"Ninamupenda, Papa," akasema, polepole, herufi kwa herufi. "Ninamupenda sana."

Baba yake aliyafuata maneno hayo kwenye midomo yake mpaka la mwisho, akangoja midomo ifungwe, kisha akaegemea kiti.

"Nasikia," akasema.